Shimo tupu nalo ni wizi

Ukishika barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha, mbele ya Kondoa mjini unafika Kolo, na juu ya vilima vya pale ndiko yaliko mapango ya michoro yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wageni wote hupanda kuangalia ukuta. Wachache huangalia wanapokanyaga. Sakafuni mwa baadhi ya mapango ya wilaya hii kuna mashimo yasiyo na umbo, udongo umemwagwa pembeni kama wa shimo la taka, na ukiuliza unajibiwa kwa mkato: walikuwa wanatafuta mali ya Mjerumani, dhahabu inayosemekana aliifukia akirudi nyuma kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Walipata? Wapi! Basi afadhali.

Hiyo "afadhali" ndiyo yenye makosa. Aliyechimba pangoni akaondoka mikono mitupu ametia hasara ya aina ileile anayotia mporaji wa Iraki anayeondoka na gunia la vibao vya udongo. Ukipima vizuri, huyu wa kwetu ameharibu zaidi. Mwiraki angalau anaacha kitu ambacho siku moja kitasomeka kwenye makumbusho fulani. Wa kwetu anaacha chungu ya udongo uliochanganyika.

Tuanzie Iraki, maana kule hasara imepimwa na kuandikwa.

Vibao vya udongo ndiyo yaliyokuwa makaratasi ya watu wa kati ya mito Frati na Hidekeli. Mwandiko wake unaitwa wa kikabari. Ulianza kwenye mji wa Uruk yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, ukatumika zaidi ya miaka 3,000, kwa lugha nyingi zisizo na undugu. Karani alichukua udongo laini wa mto, akauchambua mawe na majani, akaukanda mpaka ukawa kama unga wa chapati, kisha akaufinyanga kwa kiganja. Kibao cha kawaida kinakaa mkononi. Risiti ya kondoo wawili inaweza kuwa ndogo kama sanduku la kiberiti, na hadithi ndefu ikataka kibao kikubwa kama daftari la shule. Kalamu ilikuwa tete lililokatwa likaachwa na pembe kali. Haikuburutwa, ilibonyezwa: kila mbonyezo unaacha alama yenye kichwa kipana na mkia mwembamba, ndiyo kabari yenyewe. Udongo ukiwa majimaji unaganda kwenye tete. Ukiwa umeanza kukauka alama haziingii, unapasuka kingo. Kwa hiyo karani hakukaa akifikiri. Aliandika haraka, upande wa mbele, akageuza kwa kupindulia chini na siyo kama unavyofunua kitabu, akamalizia nyuma.

Kilichoandikwa mara nyingi hakina utukufu wowote. Shayiri ya vibarua, pombe ya posho, kondoo waliopokelewa zizini, mkopo wa fedha na riba yake, barua ya mfanyabiashara anayelalamika hajalipwa. Uhondo uko hapohapo. Makumbusho ya Uingereza peke yake ina vibao na vipande vyake takriban 130,000, na ukijumlisha duniani kote wataalamu hukadiria kama nusu milioni.

Vingi kati ya hivyo havikuchomwa. Vilianikwa tu. Udongo ulioanikwa bado ni udongo: utumbukize kwenye ndoo, kesho unakuta tope. Vilivyochomeka ni vile vilivyopata ajali ya moto. Maktaba ya mfalme Ashurbanipal kule Ninawi iliungua mji ulipotekwa mwaka 612 kabla ya Kristo, na moto uliokuja kuangamiza ukavifanya vibao kuwa vigumu kama vigae. Karatasi ingekwisha siku hiyohiyo.

Kwa msomaji wa Dodoma, eneo la kale la Iraki halihitaji maelezo marefu. Kumbuka tembe la Kigogo: kuta za miti zilizokandikwa udongo, na paa bapa lililobebeshwa udongo juu. Likihamwa, paa linaanza kuvuja, miti inaoza, paa linashuka, kuta zinayeyuka na mvua, na baada ya miaka kadhaa kimebaki kichuguu kipana chenye majivu na vigae vya vyungu ndani. Sasa chukua mji mzima wa matofali mabichi. Nyumba ikianguka inasawazishwa, nyingine inajengwa juu yake, kwa miaka elfu mbili au tatu. Unapata kilima. Kila sakafu ndani ya kilima hicho ni ukurasa, wa chini ukiwa wa kale kuliko wa juu, na kibao kilichodondoka juu ya sakafu fulani ni cha watu wa sakafu hiyo.

Mporaji anashuka wima. Anachimba tundu la kumtosha mwili, akifika kwenye chumba anachokitaka anatoboa pembeni kufuata ukuta. Kurasa zote alizopita njiani amezichana.

Halafu kuna chumvi. Mwenye nyumba Dodoma anaijua vizuri: plasta ya chini ya ukuta inatoa unga mweupe, rangi inavimba, ukigusa inadondoka magamba. Maji ya ardhini yamepanda na chumvi yake ukutani, maji yamekauka, chumvi imebaki ikageuka fuwele, na fuwele ikikua inasukuma plasta nje. Kibao kilicholala ardhini miaka 4,000 kimekunywa chumvi hiyohiyo. Kikitolewa ghafla na kuachwa juani, unyevu unakimbilia juu, chumvi inafuata, uso unaanza kubanduka. Na maandishi yote yako usoni, hayana kina. Ndiyo maana timu yenye ujuzi hukikausha polepole kivulini, ikakipa namba kabla hakijaondoka mahali pake, kisha maabara ikaamua. Dawa ya jadi ya maabara ilikuwa kukichoma kwenye tanuri kwa kupandisha joto kidogo kidogo hadi nyuzi 700 na ushee, baadaye kukiloweka kwenye maji safi yanayobadilishwa mpaka chumvi iishe. Siku hizi wengi wanakwepa moto, kwa sababu unafuta habari zilizomo ndani ya udongo wenyewe. Mporaji yeye anasugua kwa maji na brashi ili mnunuzi aone maandishi. Anachosugua ndiyo maandishi.

Tofauti ya kibao chenye kwao na kisicho na kwao inaonekana vizuri ukiweka pamoja miji miwili.

Wa kwanza ni Ebla, Syria. Mwaka 1975 timu ya Mwitalia Paolo Matthiae ilifikia chumba kidogo cha jumba la kifalme lililoungua yapata mwaka 2300 kabla ya Kristo. Vibao vilikuwa vimepangwa kwenye mashelfu ya mbao. Mbao zikaungua, vibao vikaporomoka mstari kwa mstari na kulala kwenye majivu karibu na mahali vilipokuwa vimesimama. Kwa kuwa kila kimoja kiliandikiwa nafasi yake kabla ya kuinuliwa, iliwezekana kurudisha mpangilio wa masijala nzima: rafu gani ilikuwa ya nguo zilizogawiwa, gani ya vyuma, gani ya orodha za maneno walizojifunzia makarani. Kumbe ofisi ya miaka zaidi ya 4,000 iliyopita ilikuwa na mafaili yaliyopangwa kwa mada. Hilo halikuandikwa kwenye kibao chochote. Liliandikwa na namna vilivyoanguka.

Wa pili ni Irisagrig. Baada ya vita vya 2003 vibao vyake vilianza kujaa sokoni, mamia kwa mamia. Vinasomeka safi. Vinataja maofisa, wajumbe wa mfalme, mashamba, mifereji. Wataalamu walijua vinatoka mji mmoja kwa sababu kila mji wa wakati ule ulikuwa na majina yake ya miezi, na majina haya hayakuwa ya mji wa Umma wala wa Nippur. Lakini mji wenyewe haujawahi kuchimbuliwa na mwanaakiolojia. Tunajua kalenda ya watu hao, tunajua nani alikula samaki siku gani, na mahali walipoishi pamebaki pa kukisia. Kibao kipi kilikaa na kipi? Kilikuwa ikulu, hekaluni, au nyumbani kwa mtu? Waliokuwa na majibu ni wachimbaji wa usiku, nao walikuwa wanahesabu vipande tu.

Ukubwa wa uporaji ule haukadiriwi kwa uvumi. Mwanaakiolojia Elizabeth Stone alipima mashimo ya kusini mwa Iraki kwa picha za satelaiti na kuchapisha matokeo mwaka 2008: jumla ya eneo lililotobolewa ilikaribia kilometa za mraba 16, zaidi mara nyingi ya eneo lote ambalo wanaakiolojia wamewahi kulichimbua sehemu hiyo. Umma, Isin na Umm al-Aqarib kutoka juu zimeonekana kama ungo, tundu kwa tundu zimegusana. Watu wengi wanakumbuka wizi wa makumbusho ya Baghdad wa Aprili 2003, vitu takriban 15,000. Ni msiba, lakini vitu vya makumbusho vingi vilikuwa na namba na picha, na maelfu vimerudi kwa sababu hiyo. Cha shimoni hakina namba. Huwezi kudai kurudishiwa kitu ambacho hukujua unacho.

Njia ya kufika sokoni ni karatasi. Mwaka 2010 kampuni ya Marekani ya Hobby Lobby ilinunua zaidi ya vitu 5,500 kwa dola milioni 1.6. Mizigo ikaingia kwa vifurushi kwenye anwani tofauti, ikiandikwa ni vigae vya sakafu vya sampuli, nchi ya asili Uturuki au Israeli. Mwaka 2017 ilikubali kuviachia na kulipa dola milioni 3, na mwaka uliofuata vitu kama 3,800 vikarudishwa Iraki, vingi vikiwa vibao vya Irisagrig hiyohiyo. Kibao kingine, chenye sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, kiliuzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 1.67 kikiwa na barua inayosema kilikuwa ndani ya boksi la vipande vya shaba lililonunuliwa mnadani mwaka 1981. Barua ilikuwa ya uongo. Kilikamatwa 2019, kikarudi kwao 2021. Angalia mbinu: hakuna aliyeghushi kibao. Walighushi asili yake tu, maana hicho ndicho pekee ambacho shimo lilikuwa limekiondoa.

Sasa turudi Kondoa.

Huku hakuna vibao vya udongo, wala hakuna haja ya kujifanya vipo. Maandishi yetu ya kale ni sakafu. Chukua pango la Kisese II, ndani ya eneo hilohilo la urithi. Ray Inskeep alilichimbua mwaka 1956 na kukuta matabaka yenye kina cha karibu mita 6: zana za mawe, mifupa, mkaa, vipande vya udongo mwekundu, na shanga zilizotobolewa kwenye magamba ya mayai ya mbuni. Vitu vikawekwa kwenye akiba ya makumbusho, kila fungu na tabaka lake. Miaka 60 baadaye watafiti wengine walifungua mafungu yale, wakapima kaboni ya magamba yenyewe, na matokeo ya mwaka 2018 yakaonyesha kuna shanga zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Kipimo hicho hakikuwezekana mwaka 1956. Kilichokifanya kiwezekane ni lebo.

Piga hesabu ya juu juu. Kama mita 6 zilijilundika kwa miaka zaidi ya 40,000, mita moja ni wastani wa miaka isiyopungua 6,000. Udongo haujilundiki sawasawa, mita nyingine ni ya haraka na nyingine ya polepole, lakini picha unaipata. Shimo la kufika kiunoni, lililochimbwa usiku mmoja na vijana watatu wenye sururu na beleshi, limekorogea pamoja maelfu ya miaka.

Mwanaakiolojia hufanya nini tofauti? Anaanza kwa kamba na misumari: mraba wa mita 1 kwa mita 1, kona zake zimepimwa kutoka kwenye alama moja isiyohama. Anashuka kwa sentimita 5 au 10, kwa mwiko wa fundi uashi ulionolewa na brashi, akikwangua badala ya kuchota. Rangi ya udongo ikibadilika anasimama, hata kama sentimita hazijatimia, kwa sababu badiliko la rangi ndilo mpaka wa tabaka. Udongo wote unapita kwenye chekeche, tundu la milimita 5 na mara nyingi la 2; shanga ya gamba la mbuni ina upana wa milimita chache, kwa chekeche la mchanga wa ujenzi inapita bila wewe kujua. Mkaa hauguswi kwa vidole vyenye mafuta, unainuliwa kwa ncha ya mwiko na kufungwa kwenye karatasi ya aluminiamu. Mwisho wa siku kuta za shimo zinanyooshwa kwa timazi, zinachorwa na kupigwa picha. Siku nzima inaweza kuisha hujatoa zaidi ya ndoo 20. Anayetazama anachoka kabla ya mchimbaji.

Kuna jambo moja ambalo hata viongozi wa misafara ya watalii hulisahau. Michoro myekundu ya Kondoa, ile ya twiga, pofu na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, imechorwa kwa udongo wenye kutu ya chuma. Kutu ya chuma haina kaboni, kwa hiyo huwezi kukwangua ukuta ukapata umri wake kwa kipimo cha kawaida. Tumaini lipo chini: kipande cha mwamba chenye rangi kilichobanduka kikadondoka, au kalamu ya udongo mwekundu yenye ncha iliyosagika, ikikutwa tabaka moja na mkaa. Mkaa unapimwa, rangi inapata umri. Sakafu ndiyo saa ya ukuta. Anayechimba chini ya mchoro akidhani mchoro ni ramani ya hazina anaivunja saa hiyo, kisha vumbi lake linapanda na kulala juu ya picha, na mgeni wa kesho akiona picha zimefifia anazimwagia maji ili zing'ae. Maji nayo yana chumvi. Tumeshaona chumvi inavyofanya.

Na hiyo mali ya Mjerumani? Tuihesabu, maana hesabu inawezekana.

Sarafu ya dhahabu inayosakwa ni ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, iliyogongwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli, bahari ikiwa imefungwa na Waingereza. Dhahabu ilitoka Sekenke, huko Iramba mkoani Singida. Ziligongwa 16,198. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168, na dhahabu ndani yake ni robo tatu. Zidisha: zote kwa pamoja ni kilo 116, dhahabu safi kilo 87. Basi. Gunia moja la mahindi na ushee kwa uzito, nchi nzima, na zilitengenezwa ili zilipwe watu, kwa hiyo zilitawanyika mikononi. Jeshi la Van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, liliingia Kondoa Aprili 1916, mwaka huohuo sarafu zilipokuwa zinagongwa Tabora kilometa mamia kutoka hapo. Dodoma ikachukuliwa Julai, Tabora ikaangukia Wabelgiji Septemba. Ofisa anayerudi nyuma kuelekea reli, mwenye njaa na wagonjwa, apande mlima na masanduku ya dhahabu ambayo hata hajapelekewa, ayafukie chini ya picha ya twiga? Mali ambayo Mjerumani aliiacha kila nyumba ya Tanzania ni neno: *hela*, kutoka sarafu yake ndogo iliyoitwa heller, 100 kwa rupia moja.

Rupia za fedha ndizo zilizozagaa zaidi, gramu 11.66, na zipo bado kwenye masanduku ya mabibi. Ni sarafu ya kawaida ya kukusanya. Ukisikia rupia inavuta mchele au inazima simu, aliyekuambia anauza kitu kingine.

Utapeli wenyewe una hatua zinazojulikana. Kwanza "alama". Vishimo vilivyopangwa mistari juu ya jiwe bapa, ambavyo kwa kweli ni bao la kuchezea kete, vinaitwa ramani. Vinu vya kusagia vilivyochongeka kwa matumizi vinaitwa nyayo. Nguzo ya wapima ardhi inaitwa kizibo. Kisha anakuja mwenye kifaa cha kupima chuma. Kinalia, lazima kilie: mawe yenye chuma yapo, visoda vipo, misumari ipo. Halafu mganga, ubani, mbuzi wa rangi fulani. Na maneno yenyewe hayabadiliki: "Mali imeshasogea juu, bado kafara tu." Kafara ni pesa. Mchimbaji maskini ndiye anayeshika sururu na ndiye atakayekamatwa; aliyekula kafara yuko mji mwingine.

Sheria iko wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Kuna wanaosema sarafu ya 1916 haimo, kwa hiyo wako huru. Hawako huru. Kuchimba eneo lililohifadhiwa bila leseni ni kosa upate usipate, na njiani kuelekea kwenye sarafu yako ya kufikirika umepita kwenye vitu vya miaka elfu. Kwa upande wa mipakani, Tanzania imo kwenye mkataba wa UNESCO wa 1970, unaopinga biashara haramu ya mali za utamaduni, tangu mwaka 1977.

Ulinzi ni suala jingine. Eneo lina kilometa za mraba 2,336 na mapango yaliyoorodheshwa yanapita 150. Hata ukiajiri walinzi hamsini hayalindiki kwa bunduki. Pale kwenye pango la Mungumi wa Kolo, ambako Warangi hufanya matambiko yao, mzee anayekwenda kuomba mvua anajua kila jiwe lilipolala mwaka jana. Kuna wahifadhi wanaolalamika kwamba matambiko huchafua mwamba, na kweli mafuta na pombe vikirushwa ukutani vinaacha doa. Hilo linazungumzika, watu wakakubaliana sehemu ya kumwagia. Ukimfukuza mzee, umefukuza jicho, na sururu itakuja usiku.

Ukikuta shimo jipya, usilifukie. Ndilo kosa la kwanza la watu wema. Udongo uliotolewa ukirudishwa unaficha kuta, na kuta za shimo ndizo kitu pekee kilichobaki kinachosomeka: mtaalamu anaweza kuzinyoosha kwa mwiko, akachora matabaka, akachukua mkaa palepale ulipo. Udongo uliomwagwa nje nao uache, unaweza kuchekechwa. Usiokote kigae wala jiwe lenye makali, hata kwa nia ya kukitunza. Piga picha ya shimo zima kwanza, halafu kila ukuta, halafu chungu ya udongo, ukiweka kiberiti au kalamu kwenye picha ili kipimo kionekane. Chukua namba za mahali kwenye simu zikiwa na tarakimu tano baada ya nukta, zinatosha kwa mita moja hivi, na usizirushe kwenye makundi ya mtandaoni. Ni tangazo kwa mchimbaji wa pili. Zipeleke kwa mtendaji wa kijiji na kwenye ofisi ya hifadhi ya michoro pale Kolo.

Na uzipeleke wiki hiyohiyo. Ukikuta shimo Agosti kuna muda, kuta kavu zinasimama. Likiwa mahali panapofikiwa na maji, mvua za Desemba zikianza, ukuta wa udongo wa pangoni hausubiri Krismasi.